Lamba Wewe Kwanza

Sinunui asali ya mtu mpaka ailambe mwenyewe mbele ya macho yangu. Wauza asali wa sokoni Ifakara wananijua kwa hilo, na wengine wakiniona nakuja na kikapu changu hufunga madumu na kujifanya wanaongea na simu. Desturi yenyewe sikuitunga mimi. Kwetu bondeni mtu akikukaribisha togwa au pombe, huonja yeye kwanza ndipo akupe wewe, ili ujue hakuna kitu ndani. Siku hizi watu wanaiacha, wanasema ni ushamba. Mimi niliichukua nikaihamishia kwenye asali.

Kuna mzee mmoja aliyeleta asali kutoka Masagati, huko mbele ya Mlimba, kwenye dumu lililofungwa kwa jani la mgomba. Uso wake ulikuwa wa mtu mwema kabisa, na hilo likanitia wasiwasi zaidi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu asali ya porini."

"Asante. Naomba uilambe kwanza."

Akanitazama kama nimemwomba acheze ngoma. "Mimi? Nimeitoa mtini kwa mikono hii."

"Ndiyo maana nakuomba wewe, mzee wangu."

Akachovya kidole, akalamba, akapiga ulimi kwa utamu. Nikatoa kiberiti, nikachovya kijiti, nikakiwasha. Kikawaka. Nikadondosha tone kwenye mchanga, likakaa duara bila kunywea. Nikalitega karibu na sisimizi, wakalipita. Watu walikuwa wameshaanza kutuzunguka. Mzee aliuliza kwa upole kama nimemaliza mtihani. Nikamwambia sukari iliyochemshwa na fundi inaweza kufaulu yote hayo, nikaondoka mikono mitupu. Nilimsikia akicheka nyuma yangu, na mpaka leo sijui kama asali ile ilikuwa nzuri. Nadhani ilikuwa nzuri.

Haikuwa kwa ajili ya chai. Ilikuwa kwa ajili ya mguu wa mama.

Mama yangu ana kisukari, na alipata kidonda juu kidogo ya kifundo cha mguu. Kilianza na mkwaruzo wa baiskeli, kitu cha kupuuza, kikakataa kufunga. Miezi ikaenda. Nesi wa zahanati, mwanamke mfupi asiyecheka ovyo, alikuwa akimsafisha na kumfunga bandeji, na siku moja akasema kwamba asali hutumika kwenye vidonda vya namna hii, wao wenyewe wa zahanati wakiwa wanakiangalia kidonda, ila iwe asali safi. Akarudia neno safi mara mbili. Kisha akamgeukia mama akamwambia, "Bibi, hii ni ya kupaka. Mguu ule, wewe usile."

Mama aliitikia kwa heshima zote. Nikajua hapo hapo kwamba ataila.

Mimi ni fundi cherehani. Nakaa Katindiuka, papa hapa Ifakara, nyumba ina baraza, baraza ina cherehani, na nyuma ya nyumba kuna shamba dogo linaloishia kwenye mpunga wa jirani. Nilipoona siwezi kumwamini muuzaji hata mmoja, niliamua kufuga nyuki mwenyewe. Nikapata mizinga mitano ya sanduku, nikaitundika kwenye nyaya chini ya miti, nikasubiri. Mama alinicheka. Anasema alipokuwa msichana, upande wa Lupiro ng'ambo ya mto, hakuna aliyesubiri nyuki. Waliingia kwenye mitungi, kwenye masanduku ya nguo, hata kwenye dari la kanisa, ibada ikahamia nje wiki nzima. Sasa misitu imekuwa mkaa na mashamba, na mzinga mtupu unaweza kukaa mwaka mzima ukiwa nyumba ya mijusi. Mizinga yangu miwili iliingiwa mapema. Mitatu ilichelewa mpaka nikawashuku watu walionisaidia kuitundika.

Hatimaye yote mitano ikajaa. Mavuno ya kwanza niliyachuja kwa chekecheke la unga. Asali ilibaki na vipande vya nta na miguu ya nyuki ndani, na nesi aliikataa kwa mdomo uliobinuka. Basi tukainywa na limau wakati wa kikohozi. Nta nikaitumia kwenye uzi wa kushonea viatu na mabegi, maana uzi uliopakwa nta haukatiki, na iliyobaki mama akajipaka kwenye nyufa za visigino. Lakini kidonda kilikuwa kinasubiri asali safi, na mimi nilikuwa sitaki kusikia tena neno lile kutoka kwa nesi yule.

Ndipo nikakumbuka chandarua. Vilipogawiwa vyandarua vya dawa tulipata zaidi ya tulivyohitaji, kwa kuwa wakati wa kuandikishwa tulikuwa na wageni. Kimoja tulikitundika kitandani kwa mama. Kingine kilibaki sandukuni ndani ya mfuko wake wa plastiki, hakijaguswa. Watu wengine wangetumia chandarua kilichochakaa. Hapa kwetu chandarua kikuukuu hufunika vitalu vya mboga, huzungushiwa vifaranga, hufungwa kwenye magoli ya mpira. Mimi nikasema hapana, kikuukuu kimelaliwa na kina jasho la watu. Kwa kidonda cha mama yangu, kitu kipya. Nikapasua mfuko kwa furaha. Maelezo yalikuwemo, kwamba kianikwe kivulini siku nzima kabla ya kutumia. Niliyasoma. Nikaona hayo ni ya wanaokwenda kulala ndani yake.

Nilikishona chote. Nilitoa kichujio cha matabaka mawili na kofia ya kujikinga uso. Na kwa kuwa mijusi ilikuwa inaingia mizingani, kila mzinga nikaushonea pazia dogo mlangoni, lenye tundu la kupita nyuki tu. Nilikata, nikapinda pindo, nikapiga mshono mara mbili. Yalikuwa mapazia mazuri sana. Wanawake waliokuja kuchukua nguo zao waliyasifu.

Asali ya mavuno ya pili, niliyoichuja humo, ilitoka safi kama mafuta ya alizeti. Nesi aliiinua kwenye mwanga, akaitikisa chupa, akakubali bila neno. Nilijisikia kama mtoto aliyepata alama zote. Chupa moja nilimpelekea jirani wa mpunga, maana mizinga iko karibu na shamba lake na nilitaka tuishi kwa wema. Kifuniko nilikizungushia uzi mwekundu wa cherehani kwa madaha. Mvua ilikuwa inakuja, nikamkabidhi chupa mkononi, nikasema karibu asali, kaka, nikakimbia kuingiza nguo za wateja.

Wiki za kwanza kidonda kilianza kuvuta kwa pembeni. Ngozi mpya ilionekana, nyembamba, ya waridi. Mama akaanza kutembea mpaka kwa majirani na kusimulia habari za mguu wake zaidi kuliko za wajukuu. Nilikuwa na furaha ambayo sikuizoea, kwa hiyo nikaanza kutafuta itaharibikia wapi.

Iliharibikia mizingani. Asubuhi moja nilikuta nyuki wamekufa chini ya mzinga wa kwanza, wachache. Kesho yake wakawa wengi. Wengine walikuwa wanazunguka chini kwa mgongo, mbawa zinatetemeka, hawawezi kuruka. Nilichukua mmoja nikamweka kwenye kiganja. Ulimi wake ulikuwa umetoka nje, mrefu, mwembamba. Nikachukua mwingine, vivyo hivyo. Hakuna aliyehitaji kunieleza. Nyuki wangu walikuwa wamelishwa sumu.

Na mwenye sumu nilimjua. Kila msimu jirani alibeba bomba la mgongoni akapuliza dawa kwenye mpunga wake. Nilianza kumchungulia kutoka barazani. Mguu unakanyaga cherehani, macho yako shambani kwake. Nilihesabu alivyoinama na alivyosimama. Niliona anaosha bomba mferejini, nikaona amefanya kusudi. Nilimsikia akikohoa, nikasema moyoni, dawa yako inakurudia. Akinisalimia kwa mbali niliitika kwa kuinua kidevu tu. Mizinga mitatu ikafa kabisa. Miwili nyuki wakahama, wakaacha masega na watoto wao ndani. Sikuwa nimewahi kulia kwa ajili ya wadudu, na siku hiyo nililia kwa hasira, nimeketi kwenye ndoo iliyopinduliwa.

Nilikusanya nyuki waliokufa kwenye mfuko wa nailoni, nikaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Jirani akaitwa. Alikuja na matope miguuni, akakaa kwenye benchi, akausikiliza ushahidi wangu wote mpaka mwisho. Nikaumwaga mfuko juu ya meza.

"Dada," akasema, "tangu ulete mizinga mimi napuliza jioni, nyuki wakisharudi. Hata mke wangu ananiuliza kwa nini najichelewesha."

"Mwongo," nikamwambia mbele ya watu. "Mwongo, na ipo siku utamuua mtu."

Alitazama nyuki wale mezani, akasema tu kwamba yeye hana ugomvi na nyuki. Mwenyekiti akatuambia tuishi vizuri, maneno ambayo humwambia kila mtu. Nilitoka pale nikiwa na hakika mara mbili ya niliyoingia nayo, kwa sababu mtu asiye na kosa, nilidhani, angenirudishia tusi.

Kiangazi kikashika. Chupa ya mwisho ya asali ilishuka mpaka katikati, kisha chini ya katikati, haraka kuliko nilivyopaka. Nikamuuliza mama.

"Nimelamba kidogo," akasema. "Mguu umenipa ruhusa."

"Mama, nesi alisema nini?"

"Nesi ana miaka mingapi?"

Nikaanza kuificha chupa. Nikimfunga kidonda naificha ndani ya debe la vifungo, akilala naitazama. Nilikuwa nimefika mahali pa kumlinda mama dhidi ya kila mtu wa Katindiuka pamoja na yeye mwenyewe.

Wakati huo maua yalikuwa hayapo, na nyuki wachache walianza kuingia dirishani kwa mama, wakifuata harufu ya asali kwenye bandeji. Hilo nalo likanishtua. Wangu walikuwa wamekufa au wamehama. Hawa ni wa nani? Nikasimama uani nikawafuata kwa macho wakitoka. Waliruka moja kwa moja juu ya mpunga wa jirani. Nikavuka tuta, nikapita ukingoni mwa shamba, nikafika kwenye msufi ulio nyuma ya zizi lake la mbuzi. Juu, kwenye tawi nene, kulikuwa na mzinga wa gogo, wa kizamani, umezibwa kwa udongo. Nyuki walikuwa wanaingia na kutoka kwa fujo, wazima, wanene. Hatua thelathini kutoka kwenye mpunga unaopuliziwa dawa.

Nilichofikiria kwanza nitakisema, ingawa kinanitia aibu. Nilifikiri ameniibia nyuki. Nilifikiri ameua mizinga mitatu na kuwavuta wa miwili kwa ujanja wa kizamani, na kwamba ndiyo maana alikuwa mpole kwa mwenyekiti. Nilirudi nyumbani nikipanga maneno ya kumwambia, makali kuliko ya mara ya kwanza.

Nilikuta mama amekaa kitandani, chandarua kimeshushwa nusu. Nikachukua ufagio nifagie chini ya kitanda, kama kila siku. Kila siku hufagia mbu, mende, nzi, wote waliogusa chandarua wakaanguka. Ndiyo kazi yake. Siku hiyo kati ya mende na mbu kulikuwa na nyuki. Walikuwa saba. Nikapiga magoti. Nikamchukua mmoja nikamweka kwenye kiganja.

Ulimi ulikuwa nje.

Nilikaa chini pale pale sakafuni na ufagio mkononi. Mama akaniuliza nimepatwa na nini. Nilikuwa naziona pindo zangu, mshono mara mbili, mapazia matano mlangoni mwa mizinga mitano, na kila nyuki akiingia anajisugua, akitoka anajisugua, siku nzima, wiki nzima. Mzinga wa jirani haukuwa na pazia. Jirani hana cherehani.

Sisemi dawa za mpunga haziui nyuki. Zinaua, na mkaa unaua, na moto tunaowasha kila mwaka unaua. Mimi mwenyewe nimeona nyuki wanapungua tangu zamani, kabla jirani hajanunua bomba lake. Lakini hawa wa mizinga yangu mitano niliwamaliza mimi, kwa usafi.

Halafu nikakumbuka kichujio.

Nilimkimbiza mama zahanati kwa bodaboda, kidonda kikiwa na bandeji niliyoifunga asubuhi. Nilimwambia nesi kila kitu, sikuficha hata lile la kulamba. Alinisikiliza bila kupepesa. Aliosha mguu kwa maji mengi, akaukagua, akampima mama, akamuuliza maswali. Akasema haoni dhara lililo wazi, na kwamba hawezi kuniapia kitu asichokijua. Chupa ile akaniambia nisiitumie tena, wala nisimpe mtu mwingine yeyote.

"Na mguu?"

"Unaendelea vizuri. Tutaendelea na dawa zetu. Ukipata asali safi kwa mtu unayemwamini, ilete niione."

Tukiwa njiani kurudi mama alinigonga begani. "Usijali," akasema. "Angalau mbu hawatanisogelea." Dereva wa bodaboda akacheka mpaka pikipiki ikayumba. Mimi sikucheka. Nilikuwa natafuta kichwani mtu ninayemwamini. Nilianza na wauza asali, nikapita kwa ndugu, nikapita kwa wanawake wa kanisani, nikawakuta wote nimeshawapima kwa kiberiti cha aina fulani. Nimeishi hapa miaka mingi na sikuwa na jina hata moja. Na nesi alikuwa amesema nisimpe mtu yeyote, nikakumbuka kuna mtu nilishampa.

Nilikwenda kwa jirani jioni ile ile. Niliyafungua mapazia mizingani nikayatia kwenye kikapu pamoja na kofia na kichujio. Alikuwa uani ananoa jembe. Mkewe aliniona, akaingia ndani bila kuniitikia hodi, na haki alikuwa nayo.

"Kaka, nimekuja kusema nilikosea," nikamwambia nikiwa bado nimesimama. Nikayamwaga mapazia chini, nikaeleza yote. Aliokota moja, akalinusa, akautazama mshono. Nilimwambia kwamba asali niliyompa ilichujwa kwa chandarua hicho hicho, na kwamba kama watoto wake waliila, nesi anataka kuwaona. Kisha nikamwambia na haja yangu nyingine, kwamba mama anahitaji asali, na kwamba nimeuona mzinga wake.

Aliweka jembe chini, akaingia ndani. Nilimsikia akinong'ona na mkewe. Nilifikiri hatatoka tena. Alitoka na chupa mbili. Moja sikuwa nimewahi kuiona. Nyingine ilikuwa yangu, imejaa mpaka shingoni, uzi mwekundu umezungushwa kwenye kifuniko kama nilivyoufunga mwenyewe.

"Hamkuila?"

"Hatukuila, dada. Watoto walikohoa, mke wangu akaniomba, nikakataa." Alikuwa haniangalii. Alikuwa anaangalia uzi. "Siku ile ulinipa mkononi ukaondoka mbio. Hukulamba."

Nilishukuru Mungu kwamba watoto wake ni wazima, na niliona haya kiasi cha kutamani ardhi ya pale uani inimeze.

Akaifungua ile chupa nyingine, ya msufini. Akachovya kidole, akalamba bila mimi kuomba, akameza, akanipa. Niliipokea kwa mikono miwili. Kiberiti kilikuwa mfukoni mwa gauni langu, nikakiacha humo.

Yangu alibaki ameishika, akaniuliza tuifanyeje. Nikamwambia tuimwage. Akachukua jembe alilokuwa ananoa, akachimba shimo nyuma ya choo, refu kuliko nilivyotarajia. Nikakata uzi kwa meno, nikaimwaga asali yote ndani, nikatupia na mapazia, na kofia, na kichujio. Tukafukia, tukakanyaga udongo kwa miguu, mimi upande huu na yeye upande ule, ili nyuki wake wasiipate.